Bunduki ya Mti katika Ukungu wa Alimbongo

Mheshimiwa Meya, Mon Père Paroko, Sheikh wetu uliyesafiri kutoka Beni, wakubwa wa jeshi na wa polisi, wamama na wababa, na ninyi vijana mliosimama kule nyuma kwa kukosa viti, nawasalimu kila mmoja kwa heshima yake. Mimi ni Adèle Kavugho, mwongozaji wa filamu mtakayoitazama sasa hivi. Nimeombwa kumuaga Baba Mathe, seremala aliyetuchongea silaha zote za filamu hii ya vita. Anarudi kwenye vitanda na milango, na ameapa kwamba hatachonga bunduki tena.

Hapa kwetu, mtoto akisikia mlio atakuambia ni bunduki gani na iko kilima gani. Nani angethubutu kuwaletea watu kama hao silaha za uongo? Baba Mathe alithubutu. Bunduki za kalashi alizichonga kwa mkaratusi, akazipaka cirage nyeusi ya viatu. Roketi ilikuwa bomba la maji, na risasi za mkanda vipande vya matete. Siku alipozianika uani, majirani walifunga milango mchana kweupe.

Tulipiga picha karibu na Alimbongo, asubuhi yenye ukungu mzito. Vijana wa pale ndio walicheza waasi. Safu ilipaswa kutoka kwenye miti polepole, bila neno. Tukairudia, tukairudia tena. Ndipo nikaona kijana mmoja mwishoni mwa safu, nguo zimelowa, mkanda wa bunduki umezama begani. Nikafurahi: huyu kavaa vizuri kuliko wote. Ila bunduki aliielekeza chini, kama mtu aliyechoka nayo. Nikamwendea, nikamshika bega, nikamwambia, "Wewe, shika bunduki kama mutu mwenye anaijua."

Akanitazama. Kisha akaishika vizuri.

Wakati wa kupumzika alikaa juu ya gogo karibu na Jéthro, yule anayecheza kamanda. Jéthro anasema alinuka moshi na mvua. Kijana akamwuliza, "Yako inapiga?"

Jéthro akajibu, "Hapana. Ni muti tu."

Akaomba kuishika. Aliipakata muda mrefu, akipitisha kidole mahali pa kufyatulia, ambapo hakuna kitu kinachosogea. Jéthro akaenda kutafuta chai. Aliporudi, bunduki ilikuwa imelala juu ya gogo na kijana hayupo. Hakuna aliyemwona akiondoka.

Tulipokusanya silaha, hakuna iliyopungua. Lakini Baba Mathe alipoinua ile ya kwenye gogo, alisimama hivyo hivyo, kama mtu aliyeitwa na mwingine nyuma yake. Akasema kwa sauti ndogo, "Adèle, hii hapana yangu."

Ilikuwa chuma. Ilikuwa na risasi ndani.

Ndugu wageni waalikwa, ungekuwa wewe, ungefanya nini? Ungeitupa kwenye majani, mtoto aiokote? Ungeificha ndani ya gari, na barabara yote ina vizuizi vya askari? Baba Mathe hakungoja tumalize kubishana. Aliifunga bunduki ile ndani ya koti lake, akaibeba juu ya kichwa kwa mikono miwili, akatembea peke yake hadi kambi ya jeshi, akitaja jina lake na kazi yake tangu mbali. Askari walimhoji hadi jioni, wakatazama picha zetu, wakamwachia. Heshima ninayompa leo ni ya mwendo ule.

Baadaye tulionyesha filamu Beni kwa majaribio. Mama mmoja wa Mangina aliinuka, akaenda hadi kwenye kitambaa cheupe, akaweka mkono. Uso wa yule kijana ukawa unatembea juu ya mgongo wake. Hakulia. Kijana alikuwa mwanawe, aliyechukuliwa shambani na watu wenye silaha, na mama alikuwa amekwisha kumwombea misa ya wafu. Tukamsimulia yote. Akauliza jambo moja tu: "Siku batamuambia apige, atafanya je na muti?"

Tuliizima filamu, tukaificha, maana kuonyesha uso ule kungekuwa kumuua kijana.

Leo nasema wazi kwa sababu mama ameniruhusu. Mwanawe alivuka mpaka wa nchi upande wa Kamango, yuko mbali, na amempigia simu. Alisema alitembea na kundi lile porini akiwa na bunduki ya Baba Mathe, akimwogopa kila aliyesogea karibu asije akaigusa. Ndipo mchana mmoja, wakishuka bondeni ndani ya ukungu, mtu aliyekuwa mbele yake aliteleza, na bunduki yake ikagonga jiwe. Haikulia chuma. Ililia mti. Yule mtu akageuka, wakatazamana, kijana akaigonga yake kwa kidole, nayo ikalia mti. Siku ile ile wakatoroka pamoja.

Baba Mathe anasema hiyo ya pili hakuichonga yeye. Aliichonga nani? Hatujui. Wala hatujui ziko ngapi porini.

Baba, simama watu wakuone. Tunakushukuru kwa mikono yako, na kwa moyo wako zaidi. Nanyi nyote, Mheshimiwa Meya na wote mliofika, asanteni kwa kunipa masikio yenu. Sasa taa zizimwe. Ukungu utakapofika kwenye kitambaa, naomba msipige makofi. Mama yake ameketi kati yenu, anataka kumwona mwanawe kwa utulivu.