Aliyelala Naye Aambiwe

Kijiwe chetu kilihama jana alasiri. Watu wa manispaa walikuja kuchimba mtaro, wakamwambia Puttaswamy muuza kahawa asogee. Akabeba jiko, chujio na bilauri zake za chuma, akavuka barabara, akatua chini ya ukuta wa benki, hapa hapa mtaa wa Jayanagar, ng'ambo ya ofisi yetu. Benchi la zamani ni la mawe, halibebeki, kwa hiyo tumelaziwa ubao juu ya matofali. Jana hiyo hiyo Puttaswamy alituita mmoja mmoja akatuambia, na leo baada ya chakula cha mchana tulikuwa tumekaa pale kama tuliozaliwa hapo. Desturi haikuhama, ni ile ile: kahawa moja kwa watu wawili. Puttaswamy anaigawa kwenye bilauri mbili, wa kwanza anachukua yake, na wa pili ananyosha mkono bila hata kutazama. Ukiagiza nzima peke yako, mji wote wa Bengaluru utataka kujua umegombana na nani.

Tulikuwa wanne na muuza kahawa wetu. Nagabhushan tunamwita Redio, maana hana kitufe cha kuzimia. Parameshwar ni Breki. Huyo hata akivuka njia ya paka anatazama kushoto na kulia. Shalmali ni Hakimu. Sisi ndio tunaoandika kiini, ile sehemu ya ndani kabisa ya kompyuta inayogawa vyumba vya memori kwa programu. Hakuna kinachotoka ofisini bila Shalmali kusema ndiyo. Saa kumi alitakiwa aseme ndiyo au hapana kwa kazi ya Redio, na ikipita, kesho inaingia kwenye mashine za hospitali. Watatu hao, na mimi wa nne, ninayekunywa nusu ya Breki.

Shalmali: Redio, nieleze kama unamweleza mama yako.

Redio: Mama yangu alishaelewa, dada, sasa anawafundisha majirani. Mashine ina prosesa sitini na nne, ndio vibarua wake. Kila prosesa ina kikaratasi mfukoni: data fulani iko chumba fulani. Kiini kikihamisha data, vikaratasi vyote vimeoza. Basi kinapiga kengele kwa wote: tupeni. Halafu kinasubiri kila mmoja ajibu, nimetupa. Hapo ndipo chumba kinapewa mpangaji mwingine.

Breki: Na ndivyo inavyotakiwa.

Redio: Tulia, Breki, gari bado halijawaka. Nusu yao wamelala. Hawana kazi, wamepumzishwa ili umeme usiliwe bure. Sasa unamwamsha mtu usingizini aje atupe karatasi asiyoisoma, na mashine nzima inamngoja apige miayo? Mimi nimesema aliyelala arukwe. Kazi imekuwa nyepesi mpaka feni za kuipoza mashine zimenyamaza.

Shalmali: Arukwe tu?

Redio: Wahenga walisema, aliyelala usimwamshe, ukimwamsha utalala wewe.

Mimi: Wahenga hao walikuwa wanaongea habari za mkwe.

Breki: Na kikaratasi chake kikibaki mfukoni?

Redio: Kibaki. Asiyekuwepo na lake halipo.

Breki: Lake lipo, liko mfukoni. Ataamka, atakitoa, ataingia chumba ambacho kina mtu mwingine. Mwenye chumba ni mgonjwa, Redio. Damu ya huyu itaandikwa kwa yule.

Redio: Ataamka, atajinyosha, atatazama mazingira, ataona mambo yamebadilika. Mtu mzima haamki akakimbilia mfukoni.

Mimi: Wewe umewahi kuniona asubuhi?

Shalmali hakucheka. Alikuwa anazungusha bilauri yake, kahawa imeshapoa, na kwake hiyo ni dalili ya mvua.

Shalmali: Majaribio yalisemaje?

Redio: Safi. Wiki nzima nimeipiga mashine kazi mpaka ikaomba po. Hakuna hata data moja iliyopotea. Chema chajiuza, dada.

Breki: Mimi nina dawa. Uzeni prosesa sitini na tatu, mbaki na moja. Atajiambia mwenyewe, atajijibu mwenyewe.

Redio: Hospitali nzima ipange foleni kwa prosesa moja? Wagonjwa watapona kwa kuchoka kusubiri.

Mimi: Ondoeni mpangaji, si kengele. Chumba kikishahamwa kisipewe mtu tena milele. Kifungwe. Wa karatasi mbovu akija, atakuta giza, atarudi.

Breki: Na vyumba vikiisha?

Mimi: Tunajenga ghorofa. Penye nia pana njia.

Puttaswamy: Ninyi mnahangaika. Kiini kikitaka kuhama, wote sitini na nne waache kazi, wakae chini, wanywe kahawa. Kikimaliza, waamke pamoja.

Redio: Mzee, hiyo siyo kompyuta, hiyo ni ofisi ya serikali.

Tukacheka mpaka ubao ukateleza kwenye tofali. Redio akauweka sawa kwa mguu, kifua mbele, kama aliyeshinda kesi. Shalmali akatoa simu.

Shalmali: Saa kumi kasorobo. Nawaandikia ndiyo?

Redio: Andika. Mimi nalala usingizi wa mtoto.

Breki akafumba macho. Kidole cha Shalmali kilikuwa juu ya kioo pale tuliposikia makelele kutoka ng'ambo, kwenye benchi la mawe. Kisha tukamwona Gurudatt anavuka barabara mbio, nywele upande mmoja, huku nyuma askari wa barabarani, aliyenunua kahawa kwa Puttaswamy akaivusha kule, amesimama na bilauri tupu mkononi, anaitazama kama mtu aliyeibiwa mchana kweupe. Gurudatt tunamwita Popo. Yeye hushika zamu ya usiku, na jana Puttaswamy alipokuwa anatutangazia, alikuwa amelala fofofo kwenye kochi la ofisi. Tulimruka. Redio mwenyewe alisema, mwacheni kijana wa watu apumzike.

Redio: Popo, umemfanya nini askari?

Popo: Nimeamka, nimenawa, nimekwenda benchini. Pembeni yangu kuna mtu, mbele yake bilauri mbili. Nikanyosha mkono kama siku zote, nikanywa. Kutazama, ni askari. Nusu ya pili ilikuwa ya mkubwa wake. Mkubwa wake alikuwa amesimama nyuma yangu.

Mimi: Hukuona kwamba jiko halipo?

Popo: Kaka, nimekaa benchi lile miaka. Nani anatazama jiko?

Breki alimgeukia Redio taratibu, kama mlango wa benki.

Popo: Lakini niambieni kitu kimoja. Mlijua kijiwe kimehama. Mlijua nitaamka. Nilipoamka, nani alikuwa wa kuniambia?

Puttaswamy akaanza kufuta jiko lisilo na uchafu. Mimi nikaitazama benki. Redio akauweka sawa tena ubao uliokuwa sawa.

Shalmali: Redio. Katika ile wiki uliyoipiga mashine kazi mpaka ikaomba po, kuna prosesa iliyopata nafasi ya kulala?

Redio: Hakuna.

Shalmali akafuta alichoandika, akaandika neno jingine, hapana, akalituma.

Shalmali: Aambiwe kabla hajagusa mfuko. Ukipata namna ya kumwambia mlangoni anapoamka, niletee. Leo kengele inabaki kwa wote.

Redio: Feni zitapiga kelele.

Shalmali: Zipige.

Redio aliweka bilauri yake chini. Kisha akamwita Puttaswamy, akaagiza kahawa moja, nzima. Tukashtuka wote. Akaipokea, akainuka na kuvuka barabara nayo kwa askari, mikono miwili, kichwa chini. Na Popo, bila kutazama, akanyosha mkono akachukua nusu yangu.