Mama Jalada na Nchi Aliyoiweka Mezani

Tunayemsindikiza leo mtaa mzima ulimwita Mama Jalada, ingawa cheti chake cha kuzaliwa kina majina matatu marefu ambayo mwenyewe aliona yanamlemea. Alizaliwa Jumanne, tarehe 14 Machi 1961, katika nyumba ya vyumba vitatu nyuma ya stesheni ya reli, mtoto wa kwanza wa fundi saa na mshona mashuka ya hospitali. Baba yao alikuwa ametundika saa thelathini ukutani, na hakuna mbili zilizokubaliana. Mama yao alikuwa akisimulia kwamba mtoto alilia mara ya kwanza baada ya saa ya kwanza kugonga mbili na kabla ya ile ya mwisho kufuata, na baina yao palikuwa na dakika kumi na nne zisizokuwa za mtu. Marehemu aliipenda mno habari hiyo. Alisema ndiyo maana hakuwahi kuwa na hakika yuko dunia ipi. Miaka sita baadaye alizaliwa mdogo wake wa kiume, ambaye leo ni mpima ardhi, na ndiye aliyeandika wasifu huu na ndiye anayeusoma. Humu ataitwa mdogo wake basi, kwa kuwa kwa Marehemu hata angeota mvi kichwa kizima asingekuwa kitu kingine.

Alisoma shule ya msingi ya jirani na stesheni kuanzia mwaka 1968 hadi 1974, kisha sekondari ya wasichana hadi 1978. Hakung'ara sana darasani, ila katika jiografia alijulikana, na si kwa wema. Katika mtihani wa kidato cha tatu aliambiwa achore mkondo wa mto. Akauchora vizuri, na kwenye kona moja akaongeza mji wenye soko, mnara na kivuko. Mwalimu aliandika kwa wino mwekundu: "Mji huu haupo." Karatasi ilipomrudia, akaandika chini yake kwa penseli: "Bado." Mwalimu mwenyewe ni mzee wa miaka sabini na mmoja sasa, amekaa mstari wa pili, na anakiri kwamba alimkata alama mbili ambazo zimemsuta hadi leo.

Baada ya hapo alijiunga na chuo cha uchapaji, akahitimu mwaka 1981 na cheti cha ujalidi wa vitabu. Mwaka huohuo aliajiriwa katika kiwanda cha uchapaji karibu na soko la nguo, akakaa kwenye benchi lilelile miaka arobaini, mpaka alipostaafu mwaka 2021. Wanaomkumbuka pale watakuambia habari ya mikono yake: uzi wa kitani uliopakwa nta, sindano nene, kipande cha mfupa cha kukunjia karatasi, na gundi ambayo haikuwahi kumtoka kabisa chini ya kucha. Kitabu kilichofika kwake kikiwa hoi kiliondoka kimesimama wima.

Mwaka 1985 msafiri mmoja alileta kitabu kikubwa kilichopasuka mgongo, akaondoka, asirudi. Tangazo la ukutani lilisema mali isiyochukuliwa kwa siku tisini ni ya fundi. Marehemu alingoja siku tisini na moja, ile moja ikiwa ya adabu. Kilikuwa kitabu cha kanuni za mchezo wa masimulizi wa mezani, ule ambao mmoja huisimulia nchi isiyokuwepo, na wengine hujichagulia watu wa kuwa humo. Pale isipojulikana jambo litaishaje, dadu huamua. Alikisoma miezi kumi na moja, kamusi pembeni, kwenye meza ya chakula, huku kijiko kikipoa mkononi. Alipofika ukurasa wa mwisho, Nchi ilikuwa imekwisha kuzaliwa. Hakuwahi kuipa jina lingine.

Wachezaji wengine wa mchezo huu hutamba kwa vitabu vya bei. Yeye rafu yake ilikuwa ya ajabu. Kando ya kitabu cha kanuni, alichokijalidi upya mara tatu kwa ngozi ya mbuzi, palikuwa na kitabu cha viumbe vya kufikirika, na baada ya hapo hakuna ambacho ungekitarajia. Kulikuwa na kitabu cha simu cha mwaka 1972, alimopata majina ya wafalme na wezi. Kulikuwa na ratiba ya treni za zamani, aliyoitumia kujua msafara utachukua siku ngapi toka mji mmoja hadi mwingine. Kulikuwa na mwongozo wa kutengeneza pampu za maji, na ndani yake yalitoka mahandaki yote ya Nchi, na kitabu cha mimea kilichonusurika na mafuriko, ambacho kurasa zake zilikuwa zimevimba hata misitu yake ikaonekana kweli imenyeshewa. Askari wake walikuwa vifungo vya koti. Madadu saba aliyaweka katika kopo la peremende, na kubwa lao, lile la nyuso ishirini, alilifuta kwa kitambaa cha miwani. Hatari ilipokaribia, aligonga kengele ya baiskeli, mara moja tu, polepole, na kila mtu mezani akahisi baridi mgongoni.

Lakini kifaa alichokipenda kuliko vyote ni kiambaza chake. Alikitengeneza mwenyewe kwa majalada matatu ya vitabu vilivyokufa, akayaunga kwa kitambaa ili yakunjike, akakisimamisha mbele yake kuficha ramani na madadu. Upande wa wachezaji kilikuwa cheusi kitupu. Upande wake hakuna aliyewahi kuuona.

Mwaka 1987 mashine ya kukatia karatasi iliharibika, akaletwa fundi mitambo. Kazi ya saa moja ilimchukua siku tatu, na siku ya tatu wote kiwandani walikwisha kuelewa kwamba mashine haikuwa na tatizo tena. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 20 Agosti 1988, na mwaka 1990 wakajaliwa binti, ambaye leo ni mfamasia. Mume hakuwahi kucheza hata siku moja. Alipokaribishwa mezani alijibu, "Mimi dunia hii moja inanitosha, na yenyewe bado sijaimaliza." Kisha akaenda kuwawekea chai.

Meza yenyewe ilianza mwaka 1995, kila Jumamosi saa nane mchana, katika chumba cha mbele chenye dirisha linalotazama mafundi viatu. Waliokaa walikuwa wanne: Mwalimu yule wa jiografia, Kinyozi wa duka la kona, Sista aliyekuwa muuguzi wa kliniki ya macho, na mdogo wake Marehemu. Mvua ikinyesha nje, Marehemu aliinyesha na Nchini. Mafundi viatu wakipiga nyundo, kule ng'ambo watu walikuwa wakijenga lango. Ilipofika saa kumi na moja watu waliinuka, na ukitoka barabarani ulilazimika kusimama kidogo na kujiuliza ni upande gani kwenu.

Humo mezani mdogo wake alikuwa Mshika Taa, mzee mwenye goti bovu, aliyetangulia mbele ya wenzake gizani. Alikuwa Mshika Taa kwa miaka kumi na tisa. Mtu anaweza kucheka, na acheke, lakini ukiwa mtu fulani kila Jumamosi kwa miaka kumi na tisa, naye huwa ndugu.

Jumamosi ya tarehe 11 Oktoba 2014, wanne hao walikuwa katikati ya daraja la kamba juu ya mto wa ukungu. Marehemu aligonga kengele, akarusha dadu nyuma ya kiambaza, akalitazama mara mbili. Kisha akasema, "Daraja limekatika upande wa mbele. Watatu mmeshika kamba. Mshika Taa amekwenda nalo."

"Nionyeshe dadu," alisema mdogo wake.

Marehemu aliweka kiganja juu yake. "Mchezo hauchezwi hivyo."

"Dada, nionyeshe dadu."

Hakumwonyesha. Mtu mzima wa miaka arobaini na saba, mwenye leseni ya serikali ya kupima mashamba ya watu, akachukua koti lake, akaiacha chai inafuka, akaondoka. Moyoni alikuwa na neno moja: dada yangu ameniua kwa hila, na ameniua mimi. Tangu hapo walikutana kwenye harusi na matanga, wakapeana salamu kama majirani wa ghorofa. Mume alijaribu kuwapatanisha mara mbili, akaishia kusema, "Ndugu wakigombana, shika jembe ukalime," akarudi kwenye mashine zake.

Mei 2022 Marehemu alianza kukohoa. Daktari alisema mapafu yamekakamaa na hayatalegea tena. Kufikia Agosti 2023 sauti yake ilikuwa imebaki ya sikio moja tu. Binti yake akampigia simu mdogo wake.

"Mjomba, njoo Jumamosi. Sauti ya mama haifiki ng'ambo ya meza. Anataka mtu wa kumsemea."

"Si wako watatu pale? Mmoja amsemee."

"Hao hawaruhusiwi kukaa upande wake, wanacheza bado. Anasema wewe umeshakufa, unaruhusiwa."

Hoja hiyo hakuna mpima ardhi ambaye angeweza kushindana nayo. Tarehe 12 Agosti saa nane kasoro tano alikuwa mlangoni. Kinyozi alimpa mkono. Sista alimsogezea kiti. Akaenda kukaa upande wa ndani wa kiambaza, bega kwa bega na dada yake, akauona kwa mara ya kwanza. Kilikuwa kimepigwa mistari midogo ya penseli, mitano tu, kila mmoja na tarehe yake. Wa mwisho ulisema: "11/10/2014. Daraja. Wote wanne."

Alimsemea vibaya siku ile, akiruka maneno. Wenzake walipokwisha kuondoka, akagusa ule mstari kwa kidole.

"Hii nini, dada?"

"Madadu niliyoyakataa." Alivuta pumzi. "Siku ile dadu lilisema wote waanguke. Nikasema, siwezi kulirudisha mkono mtupu. Nitatoa mmoja."

"Ukanitoa mimi."

"Kinyozi alikuwa amemzika mkewe siku kumi na saba tu kabla. Hapa ndipo pekee alipokuwa akila. Sista ndiyo kwanza ameanza kufungua mdomo mbele za watu. Mwalimu angesema sawa, angekwenda nyumbani, angekaa peke yake mpaka basi. Ningemtoa yeyote, asingerudi. Wewe ni ndugu yangu. Nilijua utanuna wiki mbili."

"Miaka minane na miezi kumi."

"Nilikosea hesabu," alisema Marehemu, akacheka mpaka kikohozi kikamshika, na mdogo wake akamshikia kikombe cha maji.

Kisha akamuuliza mbona hakumwambia. "Ningekuambia," dada alinong'ona, "wao wangejua wamekufa."

Alimpa ruhusa ya kuyasema haya siku ya leo, si kabla. Basi Mwalimu, Kinyozi na Sista wanayasikia sasa, kama hawakutangulia kuchungulia kwenye kijitabu cha maziko, nao wasamehewe wakikosa pa kutazama.

Jumamosi kumi na tatu zilifuata, ikihesabiwa na ile. Mdogo wake aliinama, akasikia, akasema. Siku zilivyosonga, maneno yalipungua, likabaki moja moja: "Kilima." "Mbwa." "Nyumba isiyo na mlango." Kilichobaki alikijaza mwenyewe. Tarehe 4 Novemba hakunong'ona lolote. Alimpungia mkono aendelee, akalaza kichwa kwenye mto, akafumba macho, akasikiliza. Kwa miaka ishirini na minane hakuna aliyewahi kumsimulia Nchi yake. Uso wake ulikuwa wa mtoto aliyebebwa mgongoni kwenda mahali asipopajua. Katikati ya hadithi akafungua jicho moja, akauliza, "Kuna mvua huko?"

"Manyunyu tu, dada."

"Vizuri."

Alifariki Alhamisi, tarehe 9 Novemba 2023, saa tisa na dakika ishirini mchana, kitandani kwake, mume wake amemshika mkono wa kulia na binti yake wa kushoto. Mumewe anasema aliondoka taratibu, bila kuhangaika.

Marehemu ameacha mume mmoja, fundi mitambo, ambaye tangu Alhamisi anatengeneza vitu visivyoharibika. Ameacha binti mmoja na mkwe mmoja, na wajukuu wawili wanaoamini bibi alikuwa malkia, na hakuna aliyewakatalia. Ameacha wachezaji watatu walio hai, kwa hiari yake na si ya dadu. Na ameacha mdogo wake mmoja, aliyeona kwa miaka minane na miezi kumi kwamba aliangushwa kwa sababu yeye ndiye aliyepungukiwa na mapenzi ya dada yake, kumbe kati ya wanne wale ni yeye peke yake ambaye dada hakuogopa kumpoteza. Alikuwa na haki ya kutoogopa. Ni mimi niliyechelewa.

Pumzika, dada. Amani ikupokee, na huko uliko ikae nawe.