Bata wa Mama Sindano

Benchi letu liko kati ya kinyozi na bwawa la mtaa, na kazi yetu pale ni kunywa kahawa na kuwasema watu. Asubuhi ile zamu ilikuwa ya Mama Sindano, fundi cherehani. Alikuwa ametoa kiti dukani mwake, akakiweka ukingoni mwa bwawa, mbele ya trekta lililoletwa kufyeka matete, akaketi anapinda suruali ya mteja. Kisa bata mwitu mmoja anayeatamia mayai ndani ya matete hayo.

— Angekuwa tausi ningeelewa, alisema Kinyozi. Bata mwenyewe rangi ya matope, wamejaa kila dimbwi.

Kwa Kinyozi, yule mama alikuwa anatafuta sifa tu. Antena, fundi redio aliyepewa jina hilo kwa kunasa kila umbea, akakataa: Mama Sindano anayataka mayai yaanguliwe, ajenge banda, kisha atuuzie bata wetu wenyewe. Tukamwuliza wamekuwa wetu tangu lini. Akasema ni namna ya kusema tu.

Mzee Breki, dereva mstaafu, akatuona wote watoto. Alidai amemsikia Mama Sindano kwa masikio yake akimwita yule bata wifi, na mtu mzima hamwiti bata wifi hivihivi. Marehemu mumewe, akatukumbusha, alikuwa na dada mwenye mwendo uleule. Tulicheka mpaka kahawa ikatumwagikia mapajani.

Mama Sindano alitusikia, maana si mbali. Hakugeuka. Alikata uzi kwa meno, akaanza mguu wa pili wa suruali.

Mara dereva wa trekta akaja kununua kahawa. Alikuwa mgeni, tukasogea apate pa kukaa. Mzee Breki akamshauri asibembeleze, awashe mashine tu, aingurumishe, mwanamke atahama mwenyewe. Yule bwana akanywa taratibu mpaka akamaliza.

— Mama hana ubishi, alisema. Ataondoka hata sasa hivi. Anachotaka ni mtu amnyanyue bata juu ya mayai kwa mikono yake. Mimi nimekwenda, nikainama, bata ameniangalia tu wala hakukimbia. Nimeshindwa. Kati yenu nani anakwenda?

Kinyozi akakumbuka kuna mteja, na kiti chake tulikuwa tunakiona kitupu. Antena akaanza kujikanda kiuno. Mzee Breki, ambaye tangu astaafu hajawahi kuishiwa maneno, alichungulia ndani ya kikombe chake kana kwamba kuna kitu kimetumbukia humo.

Dereva alitungoja kwa heshima zote. Alipoona hakuna anayeinuka alirudi bwawani, akachomoa ufunguo wa trekta, akautia mfukoni. Mama Sindano akamwambia jambo ambalo hatukulisikia. Yule bwana akavua koti lake lililochanika kwapani, akampa, naye akatunga uzi mpya kwenye sindano.