Kiti cha Mwenye Neno

Kijiwe cha mafundi wa vyuma pale Katwe kina benchi moja la mbao na kiti kimoja chenye mgongo. Benchi ni la kila mtu. Kiti ni cha yule aliyeleta neno la Kiingereza na kueleza lilikotoka mpaka wenzake wakakosa la kumjibu. Siku akishindwa, anainuka mwenyewe. Simu haziruhusiwi. Wangila, fundi wa madirisha kutoka Bungoma, alikuwa amekikalia wiki ya tatu, hata wakambandika jina la Dikshonari, na usidhani lilimchukiza. Asubuhi hiyo Kavugho, mama wa kahawa, alikuwa hajamaliza kumimina, na tayari Bonny anayepaka mageti rangi alikuwa amekitolea kiti macho.

— Wangila mzee, leo wewe naludi kwa benchi.

— Kunja mkono kwanza, Bonny. Kaza. Unaona hiyo kitu inaruka chini ya ngozi? Mzungu anaiita "muscle". Ni Kilatini hiyo, maana yake panya mdogo.

— Panya kwa mkono yangu?

— Watu wa zamani waliangalia wakaona panya anakimbia ndani. Kaza tena.

Bonny akakaza, akajitazama. Kavugho naye akaweka birika chini, akakunja wake. Wangila aliipenda dakika hii kuliko kahawa yenyewe: neno limetumika miaka yote, halafu linafunguka na kumbe ndani mna mnyama.

— Panya ni kidogo, akasema Bonny. Sikia "welding". Mzungu alipita hapa Katwe, akaona fundi ameunga geti. Akasema "well", akaenda. Fundi akafikili hiyo ndiyo jina ya kazi.

— Na hiyo "ding"?

— Geti ililia alipoigonga.

Katembo, fundi baiskeli kutoka Butembo wanayemwita Pasta kwa kuwa hawezi kuongea akiwa ameketi, akasimama.

— Miye naleta "umbrella". Ilikuwa watu wawili, Bwana Umba na bibi yake Ella. Mvua ikawapata njiani. Bwana akashika fimbo, bibi akatandika kitenge juu.

— Uliwaona?

— Babu yangu aliwaona.

Benchi zima likacheka. Wangila akangoja kicheko kiishe, kisha akatoa neno lake la akiba.

— "Window". Lililetwa na mabaharia wa kaskazini. Upepo, halafu jicho. Jicho la upepo. Hapa mimi nachomelea macho, bana.

Bonny akasonya, akajua kiti kimempita tena.

Kando yao alisimama Lanyero, ambaye ndiyo kwanza afike kwa mafundi hao, na karatasi ya vipimo vya dirisha la saluni yake. Binti wa mwanajeshi, alikulia kambini walikozungumza Kiswahili, na chake hakikuwa na aibu.

— Mzee, hiyo ya wazungu ni tamu. Na "dirisha" je? Ilitoka wapi?

— Mombasa, akasema Bonny.

— Nani aliipeleka Mombasa?

Bonny akainamia kikombe. Wote wakamgeukia Wangila. Miaka kumi na tisa amechomelea madirisha, na hajawahi hata siku moja kujiuliza. Angeweza kubuni. Angesema Waarabu, au Wareno, na wangekubali, maana walikwisha kuzoea kumwamini. Lakini Lanyero alikuwa anangoja jibu kwa heshima, na Wangila akaona aibu. Akainuka.

— Sijui, dada.

Katembo akakikimbilia kiti. Bonny akamshika shati.

— Wewe najua?

— Hapana.

— Basi kaa benchi. Mama mwenye swali, wewe?

— Ningejua, ningeuliza?

Kavugho akachukua birika lake, akaliweka juu ya kiti.

— Itakaa hii, mpaka mutu alete jibu.

Wangila akanywa kahawa yake wima, akilirudia neno hilo kimoyomoyo. Hakuwa amepata njaa ya neno namna hiyo tangu aache shule. Benchini palikuwa na nafasi, lakini hakutaka kukaa.