Ildephonse Gasana na Sheria Aliyoiandika Mwenyewe

Padri wetu, wazee, majirani wa Rugerero, wageni mliovuka mpaka asubuhi hii kutoka Goma na ninyi mliosafiri tangu juzi kutoka Karagwe, familia imeomba maisha ya marehemu yasomwe kwa Kiswahili ili wote msikie jambo moja kwa wakati mmoja, na kazi hiyo amepewa mdogo wake, Gad, ambaye mtamsikia akitajwa humu kama watu wengine, kwa mema na kwa mabaya, maana ndivyo tulivyokubaliana jana karatasi hii ilipoandikwa.

Ildephonse Gasana alizaliwa tarehe 14 Machi 1967 huko Karagwe, Tanzania, ambako wazazi wake waliishi kama wakimbizi, akiwa mtoto wa pili kati ya watano, na alianza kutembea mapema kuliko ndugu zake wote, jambo ambalo mama yake hakuacha kulisimulia hadi uzeeni, kwa sababu alipofikisha miaka minne alishikwa na homa siku sita, na homa ilipomwachia, miguu yote miwili ilikuwa imepooza. Baba yake alimchongea ubao wenye magurudumu, na kuanzia hapo aliishi karibu na ardhi, akiwatazama watu, ng'ombe na magari kutoka chini, akajifunza mapema kwamba aliye juu mara nyingi hamwoni aliye chini.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1976 hadi 1982, akashika nafasi ya tatu darasani na nafasi ya kwanza kwa ubishi, na mwandiko wake ulikuwa mzuri hata wazee wa kambi wakawa wanamtuma awaandikie barua, ila ukimwomba aongeze neno ambalo si la kweli alikurudishia karatasi na kalamu yako. Kisha akajifunza ufundi wa redio, kazi iliyomlisha hadi Julai 1996, familia iliporudi Rwanda na kujenga hapa Rugerero.

Mwaka 1998 alipata baiskeli ya magurudumu matatu, ile inayoendeshwa kwa mikono, akajiunga na wafanyabiashara walemavu wanaopita barrière ndogo, kivuko cha mpakani, kila siku, wakipeleka unga na sabuni upande wa Goma, wakirudi na vitenge na mafuta ya kupikia, na kazi hiyo aliifanya kwa miaka ishirini na sita, mvua na jua. Tarehe 5 Septemba mwaka huo huo alifunga ndoa katika kanisa la Nyundo na Murekatete, binti wa Gisenyi ambaye mama yake ni wa Goma, na Mungu akawajalia watoto watatu, Cyuzuzo aliyezaliwa mwaka 2000, Bruce mwaka 2003 na Mwiza mwaka 2008, ambao aliwapakia wote, mmoja baada ya mwingine, juu ya magunia, akawapeleka shule.

Ilipojengwa njia ya matofali kando ya barabara ya malori, kwa ajili ya waenda kwa miguu na baiskeli za walemavu, watumiaji wake walichagua kamati ya watu kumi na mmoja ya kuilinda, na mwaka 2019 Ildephonse akawa mwenyekiti, Gad akawa katibu, na wakaweka utaratibu kwamba hakuna neno litakalopitishwa bila watu saba kuwapo. Ilikuwa njia tulivu, mama aliweza kushuka na beseni kichwani bila kugeuza shingo, mpaka zilipofika skuta za umeme, zile ndogo za kusimamia, ambazo vijana na wageni walizikodi ziwani kwa ajili ya starehe na kupanda nazo hadi juu, zikija kwa nyuma bila mlio, bila kengele, na bila mtu wa kuulizwa.

Tarehe 20 Agosti 2022 skuta moja ilimgonga Drocella, muuza nyanya, ikamvunja nyonga, na yeyote aliyemwona Ildephonse siku ile, akiokota nyanya moja moja kutoka kwenye matofali, alijua kwamba jambo hilo halitaishia kwenye pole. Miezi sita alizunguka akiwasikiliza wenye hoteli, waendesha pikipiki, akina mama wa soko na wenye skuta wenyewe, na tarehe 9 Februari 2023 kamati ikapitisha sheria aliyoiandika kwa mkono wake, kwamba chombo chochote chenye mota, kikubwa au kidogo, cha mafuta au cha betri, kisipite katika njia ya miguu. Gad alipendekeza yaongezwe maneno matatu, isipokuwa vya walemavu, lakini Ildephonse akayakata, akasema wakati ule hakuna mlemavu hata mmoja mwenye mota, na kwamba mwenye skuta atafunga kiti juu yake kesho yake na kujiita mlemavu, na usipoziba ufa utajenga ukuta. Skuta zikatoweka njiani ndani ya wiki moja, watu wakampongeza, na kwa kweli alistahili.

Mwishoni mwa mwaka huo mabega yalianza kumuuma, naye akanyamaza kama kawaida yake, hadi Aprili 2024 daktari alipomweleza kwamba kano zimechanika kwa kusukuma, na kwamba akiendelea kutumia mikono atashindwa hata kujilisha. Basi watoto wake wakajikusanya, na tarehe 2 Juni 2024 fundi Kalisa akaifungia baiskeli yake mota ndogo ya betri, watu wote wa nyumbani wakafurahi, Mwiza akapanda nyuma, wakazunguka uani wakicheka.

Kesho yake asubuhi alifika mahali njia ya matofali inapoanzia, akasimama, akaitazama, kisha akageuza usukani akaingia barabara ya malori. Waliokuwapo wanasema hakuna aliyemfukuza, tena wajumbe wawili wa kamati walimkimbilia wakimwambia apite tu, nani atamzuia, na Bruce akamshauri azime mota kwenye matofali na kujivuta kidogo kidogo kwa mikono, lakini jibu lake kwa wote lilikuwa moja, "Mi niliandika chombo yenye iko na mota, siyo mota yenye inawaka, sasa mi nitaanza kujichagulia? Sheria ni musumeno, bon, inakata mbele na nyuma." Familia ilikasirika naye, na haioni aibu kusema hivyo mbele ya jeneza lake, kwa sababu hasira ile ilikuwa hofu.

Barabara ile mnaijua, inashuka, ina kona ambayo lori likishaianza haliwezi kusimama upesi, na Kalisa alikuwa amemwonya kwamba amekaa chini kuliko kioo cha dereva, kwa hiyo akafunga kitambaa chekundu kwenye fimbo ndefu nyuma ya kiti. Tarehe 18 Juni lori lilipita na kile kitambaa na fimbo yake, akafunga kingine. Tarehe 7 Agosti tairi la lori jingine lilimsugua ubavuni likapinda gurudumu, akarudi nyumbani akisukumwa, akanawa, akala, akasema ni kitu kidogo. Tangu siku hiyo mkewe Murekatete hakuweka simu yake mbali na mkono hata wakati wa kukanda unga, na alimwambia mara nyingi, watoto wakisikia, "Papa Cyuzuzo, ile barabara iko inakuangalia kila siku, siku moja haitakuacha," naye akamjibu kwa utani kwamba barabara haina macho, lakini mkewe hakucheka.

Kilichomgeuza moyo si hatari yake mwenyewe. Septemba mwenzake Alliance, mama wa watoto wanne ambaye naye hutumia baiskeli ya magurudumu matatu, alifungiwa mota, akafuata mwingine, na asubuhi moja Ildephonse aligeuka akawaona wote wawili nyuma yake, katikati ya malori, wakimfuata kwa sababu walidhani anapopita mwenyekiti ndipo panapopitika. Siku hiyo hakwenda Goma, alirudi akaandika upya sheria ile, akayarudisha yale maneno matatu aliyoyakata, akaongeza kwamba chombo hicho kisizidi mwendo wa mtu anayetembea na kiwe na kengele, na akaitisha kikao tarehe 10 Oktoba 2024, saa tisa alasiri.

Walikuja watu sita. Wa saba alikuwa Gad, katibu, ndugu yake wa tumbo moja, aliyekuwa ameahidi kufika, lakini siku hiyo alikwenda Kanzenze kutazama shamba la viazi, akakawia huko kwa maongezi, akijua kwamba kwa jambo la kaka yake watu hawatakosekana, na watu wengine wanne walikuwa wamefikiri hivyo hivyo. Wale sita walingoja hadi saa kumi na nusu, wakamsihi mwenyekiti apitishe tu, nani atahesabu, naye akawaambia kwamba sita si saba, akaahirisha kikao hadi tarehe 24, na alipompigia Gad jioni hakumlaumu, alisema tu, "Hakuna shida, mudogo wangu, ni wiki mbili."

Alhamisi tarehe 17 Oktoba, saa moja na dakika ishirini asubuhi, kukiwa na manyunyu, lori lililokuwa likishuka lilimpata Ildephonse kwenye kona ile, Alliance akiwa nyuma yake hatua chache, akiona kila kitu. Dereva alisimama, akambeba mwenyewe hadi hospitali, na familia haina kinyongo naye, alisema hakuona kitu mbele yake, na familia inamwamini. Hatua tatu kutoka pale njia ya matofali ilikuwa tupu. Madaktari walihangaika naye hadi saa tano kasoro dakika kumi, akakata roho mkewe akimshika mkono, akiwa na umri wa miaka hamsini na saba.

Katika siku hizi mbili za msiba wapo waliosikika wakinong'ona kwamba mchimba kisima huingia mwenyewe, na familia inawaomba wayameze maneno hayo, kwa sababu Ildephonse hakumchimbia mtu, alijenga uzio ili Drocella na wenzake watembee, na uzio ulikosa mlango, na siku ya kuufungua mlango huo aliyekuwa na ufunguo alikuwa Kanzenze anatazama viazi. Gad anasema mbele yenu kwamba tarehe 24 atakuwapo. Mama Cyuzuzo amemjibu kwamba amesikia.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, majirani mliopika na kulala hapa kwenye mikeka, padri na wanakwaya wa Nyundo, wanakamati, na wafanyabiashara wa pande zote mbili za barrière mliofunga kazi zenu leo. Kwa Alliance na wenzake, ambao tangu juzi hawako wawili tena, bali watano, tunashukuru mmekuja na mota zenu kumsindikiza, na tunajua mmepita wapi, kwa sababu sheria bado ni ile ile aliyoiandika na ninyi mmekataa kuivunja siku ya kumzika, kwa hiyo jioni mtarudi kwa barabara ya malori, na familia hii haina njia nyingine ya kuwapa.

Ildephonse, Mungu akupokee, upumzike kwa amani.