Fundi Aliyeazima Pua ya Mkewe: Maisha ya Elias Luhaga Shigela, 1982–2026

Mchungaji wetu, wazee wa ukoo wa Shigela, wakwe zetu mliovuka maji kutoka Nansio, majirani wa hapa Fela, nanyi wageni wa Kirumba mliosimama huko nyuma kwa sababu viti vimekwisha, shikamooni wakubwa, na wadogo poleni. Naitwa Selina Shigela, ni dada wa marehemu, nimefundisha shule ya msingi miaka ishirini na mitano na nimezoea kusoma kwa sauti, ndiyo maana ukoo umenipa kazi hii. Naomba mnivumilie, karatasi yangu ni ndefu kuliko desturi, na sababu yake mtaisikia kabla sijakaa.

Elias Luhaga Shigela alizaliwa siku ya Jumatatu, tarehe 7 Juni 1982, hapa hapa Fela, wilaya ya Misungwi, akiwa mtoto wa nne kati ya watoto sita wa Mzee Jonathan Shigela, mkulima wa pamba, ambaye yupo hapa mbele yetu, na marehemu mama yetu Kabula. Alizaliwa katikati ya mavuno, nyumba imejaa pamba hadi mlangoni, mama akamlaza juu ya rundo kwa sababu kitanda kilikuwa na mgonjwa mwingine, na tangu alipopata akili hakuacha kututambia kwamba sisi wengine tulilala kwenye ngozi, yeye peke yake ndiye aliyeanza maisha kitajiri.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1990 katika shule ya hapa kijijini, akamaliza la saba mwaka 1996, akaendelea na sekondari mjini Misungwi kuanzia 1997 hadi 2000. Sitadanganya mbele ya jeneza, darasani alikuwa wa kawaida, lakini akiwa la sita aliifungua dinamo ya baiskeli ya baba, akautoa waya wote wa ndani, akausuka upya kwa mkono, na taa ikawaka kuliko siku iliponunuliwa, viboko vikatangulia na pongezi zikafuata. Baba aliuza ng'ombe akampeleka chuo cha ufundi jijini Mwanza, alikosoma umeme kuanzia Januari 2001 hadi Novemba 2003.

Mwezi Februari 2004 aliajiriwa katika kiwanda cha kuchambua pamba, mwaka 2007 akahamia kiwanda cha samaki jijini, akitunza mota za vyumba vya baridi, na huko ndiko alikojifunza sigara, kwa maelezo yake mwenyewe ili apate sababu ya kutoka nje akaote jua. Tarehe 4 Machi 2013 alifungua banda lake Kirumba, akasuka mota, pampu na feni za watu kwa miaka saba bila kulalamikiwa. Alikuwa na sheria moja ya mafundi wa mota, kwamba waya hautupwi mpaka mita ya kupimia umeme iseme umekufa, na sheria hiyo naomba muiweke kichwani, kwa sababu ilimjengea jina na baadaye ilimponza.

Marehemu alifunga ndoa na Justa, binti wa Nansio, Ukerewe, siku ya Jumamosi tarehe 25 Septemba 2010, na Mungu akawajalia watoto wawili, Suzana aliyezaliwa tarehe 12 Februari 2012 na Obedi aliyezaliwa tarehe 30 Agosti 2016. Alikuwa baba mpole kupita kiasi, watoto wakimkosea alikuwa akiwapeleka kwa mama yao washtakiwe, naye akibaki pale kuwatetea.

Mwezi Desemba 2019 nilitoka Dar es Salaam kwenye semina nikiwa na zawadi yake mkobani. Wengi hapa mmedhani alijitafutia mwenyewe, hapana, ni mimi niliyemletea vepu ya kwanza, ile sigara ya umeme ya kufungua, ambayo mtumiaji husuka waya mwembamba mwenyewe, akapitisha pamba katikati ya ule waya na kuiloweka maji yenye ladha. Nilikuwa nimeambiwa itamwachisha sigara, na kweli tarehe 1 Januari 2020 aliiacha sigara hadi kufa kwake. Alipoifungua alicheka sana, akasema dada umeniletea pasi ndogo, na kabla wiki haijaisha alikuwa amesuka koili, yaani ule waya wa ndani, nzuri kuliko ile niliyoinunua.

Habari zikasambaa. Vijana wa baa, mawakala, mabaharia wa boti, hata watumishi wa ofisi ambao sitawataja wakaanza kumletea vifaa vyao, na baba, kwa moyo mzuri, akampelekea gunia la pamba ya shambani, Elias akalirudisha kwa adabu akieleza kwamba pamba iliyopuliziwa dawa ya wadudu haivutwi na mtu. Nyinyi wateja wake mnayajua masharti yake kuliko mimi. Pamba ibadilishwe kila wiki, mapema zaidi kama maji ni ya sukari nyingi. Waya ukiota gamba jeusi, uchomwe mkavu hadi uwe mwekundu kisha usafishwe, na gamba likikataa kutoka usibembelezwe. Mzunguko mmoja ukiwaka kabla ya mingine, au ladha ikipooza, au ikija harufu ya kuungua hata kwa mbali, koili hiyo imekwisha, itupwe, hata kama ina siku tatu. Na ikifika wiki ya nne itupwe tu, haina haja ya ushahidi. Alikuwa na daftari lenye tarehe ya kila mteja, na siku ikifika alipiga simu, kama kliniki inavyowafuata kina mama.

Sasa nafika mahali ambapo karatasi yangu inatofautiana na ile ya kikao cha ukoo. Mwezi Machi 2021 Elias aliugua homa kali siku tisa, akapona, lakini pua haikupona. Justa aligundua siku maharage yalipoungua jikoni, moshi ukajaa nyumba, naye Elias amekaa pembeni ya jiko anasoma gazeti. Hakusikia tena harufu yoyote, na ladha ikaondoka nayo. Fundi wa koili asiyenusa ni kama mwalimu asiyesoma, naye aliona haya kuwaambia wateja, kwa hiyo wakaelewana na mkewe. Mteja akija, Elias alifungua kifaa, akapima kwa mita, kisha akamkabidhi Justa kama mtu anayempa akifute, Justa akanusa, akigusa meza mara moja koili ni nzima, mara mbili imekwisha. Miaka minne na nusu mlihudumiwa hivyo, na hakuna hata mmoja aliyevuta pamba iliyoungua kutoka katika meza ile. Siri hiyo tulikuwa nayo watu watatu, yeye, Justa na mimi.

Tarehe 1 Septemba 2025 Justa alivuka kwenda Nansio kumuuguza mama yake aliyevunjika nyonga, akakaa huko hadi Desemba, na hakuna mtu mwenye akili atakayemlaumu mtoto kwa kumuuguza mzazi. Elias angeweza kufunga kazi ya vepu akabaki na mota. Angeweza kuwaambia wateja ukweli. Angeweza kuzitupa zote kwa tarehe, kama alivyowafundisha nyinyi. Badala yake alirudi kwenye sheria yake ya zamani, akaitegemea mita. Lakini mita hupima kama waya umekatika au ni mzima, hainusi, haijui kama pamba imegeuka mkaa wala kama gamba limekula waya, na mwezi hadi mwezi ilimwambia mzima, mzima, mzima, kwa koili zenu na kwa koili yake. Zenu alizichoma na kuzirudisha. Yake hakuigusa kabisa, kwa sababu ndivyo tulivyo binadamu, kinyozi hajinyoi. Koo lake lilikuwa limezoea ukali wa sigara miaka kumi na miwili, kwa hiyo kilichomkwaruza alikiita vumbi la Kirumba.

Tarehe 2 Desemba 2025 alishikwa na kikohozi na homa, akatibiwa zahanati siku tano kama mwenye nimonia, tarehe 11 Desemba akalazwa hospitali na kuwekewa oksijeni, tarehe 19 akaruhusiwa, Justa akarudi kesho yake akamkuta hawezi kupanda ngazi tatu za mlangoni. Tarehe 6 Januari 2026 alilazwa tena. Daktari alikuwa mkweli, hakusema ni koili peke yake, alisema mapafu yaliyochakazwa na sigara yalikuwa yakimezeshwa moshi wa kuungua kwa miezi mitatu, na kwamba hata koili mpya si dawa, moshi ni moshi. Aliuliza jambo moja ambalo lilimfanya mdogo wangu ageukie ukutani, aliuliza ile koili ilibadilishwa lini, na jibu lilikuwa mwezi Agosti.

Tarehe 14 Januari alituita, Justa na mimi, akaongea maneno machache machache akivuta pumzi katikati. Hakuomba kuhamishiwa hospitali nyingine, wala hakusema habari za banda. Alisema wako watu thelathini na mmoja ambao alizishika koili zao bila pua, hana nguvu ya kuwapigia, nao bila shaka watakuja kumzika, waambiwe siku hiyo. Elias Luhaga Shigela alifariki dunia siku ya Jumatano, tarehe 21 Januari 2026, saa nne na dakika arobaini asubuhi, mkono wake ukiwa katika mkono wa mke wake, akiwa na umri wa miaka arobaini na mitatu, miezi saba na siku kumi na nne.

Juzi kikao cha ukoo kiliketi, na baba mdogo Ngosha, ambaye namheshimu na ambaye ndiye aliyetulipia shule baadhi yetu, akaagiza iandikwe kwamba marehemu aliugua kwa muda mfupi, basi. Hoja yake haikuwa ya kipuuzi. Alisema mjane atakula wapi ikijulikana kwamba banda lile limewavutisha watu mkaa, na historia ya marehemu ni ya kumsitiri, si ya kumvua nguo. Nilimtazama Justa, na Justa akasema, soma dada, mimi nitauza hata dagaa. Baba mdogo, shikamoo, nakuomba radhi mbele ya wote.

Kwa hiyo nasema na ndugu wa huko nyuma. Sitasoma majina, najua wapo ambao wake zao waliokaa hapa mbele hawajui kilichomo mifukoni. Ninasoma tarehe. Kama Elias aligusa kifaa chako kati ya tarehe 1 Septemba na tarehe 2 Desemba 2025, koili iliyomo ndani haikunuswa na mtu, usiivute tena, usisubiri ladha ikwambie, itoe leo, na ukinisikiliza mimi niliyeileta balaa hii Mwanza kwa mkono wangu kwenye familia yetu, hutaweka nyingine. Anayekohoa aende hospitali kesho asubuhi, aseme ukweli wote kwa daktari. Hiyo ndiyo kazi ya mwisho ya fundi wenu, amewapigia simu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kumkaripia, majirani wa Kirumba waliolala na watoto, mafundi wenzake wa mota waliochanga mafuta ya gari hadi hapa, kanisa, wakwe zetu na wote ambao muda hautoshi kuwataja. Justa, wewe hatukushukuru, wewe ni wetu.

Mmoja hastahili shukrani. Jumamosi tarehe 15 Novemba 2025 nilipita Kirumba kumjulia hali, nikamkuta peke yake mlangoni na kifaa chake mkononi, na nilipoinama kumsalimu nikasikia harufu ya pamba inayoungua, harufu ambayo hakuna mtoto wa Fela asiyeijua. Nilijua pua yake imekufa. Nilijua Justa hayupo. Lakini mwaka 2023 nilipomwambia aachane na vepu alinijibu, kwani si wewe uliyeileta, tukanuniana miezi minane, na nikaapa sitafungua tena mdomo kuhusu kile kitu. Basi siku ile nilikunywa chai yake, tukaongea habari za mvua na mitihani, nikaaga nikapanda gari nikaenda zangu, na kiapo changu nikakitunza vizuri kabisa.

Lala kwa amani, mdogo wangu Luhaga. Dada yako amesema, amechelewa, lakini amesema.