Jiwe Hata Moja

Katika taksi-busi ya kwenda Katoyi, Kuluthumu aliketi nyuma ya mama mmoja aliyevaa nguo nyeusi. Muzee aliyekaa kando ya mama yule, mwalimu wa Kiingereza kwa maneno yake mwenyewe, alimpa pole na kumuuliza amefiwa na nani.

"Mutoto wangu Jephté," mama alijibu. "Alipotea siku vita ilipofika kwetu Kalengera. Nikaenda mjini, kwenye biro ya wanaotafuta watu waliopotea. Muzungu akasema kwa Kiingereza, mutafsiri akanieleza: hawataacha jiwe hata moja bila kuligeuza. Nikaelewa. Kwetu waliouawa tuliwafunika kwa mawe. Nikarudi, nikaweka matanga."

Muzee akashika kichwa. "Hapana, mama! Ni namna yao ya kusema. Maana yake watatafuta kila mahali. Hakusema mutoto amekufa."

Kuluthumu aliwaza kwamba walimu hupenda sana kusahihisha, na huyu amesahihisha hata kilio.

"Kumbe yuko muzima?" mama akauliza polepole.

"Hilo nalo hakusema."

"Papa, nimelia miezi mitatu. Nguo zake nimezigawa. Nilikuwa nimeanza kupata usingizi. Sasa unanirudisha kwenye kungojea?"

"Kungojea si afadhali, mama?"

"Wewe umeshawahi kungojea mutu?"

Mama akamwomba dereva asimame, ingawa Katoyi ilikuwa bado mbali. Kuluthumu alimwona akivuka barabara mbio, akasimama upande wa magari yanayorudi mjini.